Je, kuuza ngono ni kosa Kenya? Na leseni ingesaidia?

SWALI: Wakili, dadangu alikamatwa usiku na askari wa kaunti hapa Nairobi akiwa amesimama kando ya barabara. Walimpekua mkoba wakapata kondomu. Alilala seli, na asubuhi akakubali kosa na kutozwa faini. Ni kweli sheria inakataza kuuza mwili? Na kwa nini serikali isihalalishe kazi hii, iwape leseni na kuwapima, kama inavyosimamia baa?

JIBU: Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1930, haina kifungu kinachosema kwamba mtu mzima akiuza ngono ametenda jinai. Uganda ni tofauti. Kule kitendo chenyewe kina kifungo cha hadi miaka 7. Kwetu yanaadhibiwa yale yanayoizunguka biashara: kuishi kwa mapato ya ukahaba (vifungu 153 na 154) na kuendesha danguro (156). Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamwadhibu pia anayemtia mwingine katika ukahaba au kumtawala ili ajinufaishe.

Kwa maelezo yako, yaelekea dadako alinaswa kwa sheria ndogo za jiji zinazokataza kuzurura hadharani kwa nia ya ukahaba. Nia hiyo ni juu ya upande wa mashtaka kuithibitisha. Kondomu hutolewa bure katika zahanati za serikali, na kuwa nayo mkobani si kosa hata kidogo. Lakini kesi hizi haziendi mbali. Mtu amekesha seli, ana watoto nyumbani, anaambiwa akikubali atalipa faini aende zake. Anakubali.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye vifungu nilivyotaja. Chukua kina dada wawili wanaopanga chumba pamoja ili mteja wa mmoja akizua fujo mwenzake awepo. Chumba hicho chaweza kuitwa danguro, na wakichangiana kodi kila mmoja aweza kushtakiwa kwamba anakula mapato ya mwenzake. Mwanamume anayeishi na kahaba, au anayeandamana naye kila mara, huhesabiwa kuwa anaishi kwa mapato yake mpaka yeye mwenyewe aishawishi mahakama vinginevyo. Basi anayetaka kukwepa mashtaka haya hana budi kufanya kazi peke yake, gizani, ndani ya gari la mtu asiyemjua. Akipigwa au akibakwa, anaogopa kwenda kituoni. Unaweza kuamini kwamba ukahaba ni dhambi na bado ukaona kwamba sheria ya namna hii inamlinda mhalifu.

Sasa leseni. Senegal imekuwa na mfumo huo tangu 1969: awe na miaka 21 au zaidi, ajisajili, abebe kadi ya afya, apimwe mara kwa mara. Wengi hawajisajili, kwa hofu ya kujulikana na jamaa. Asiye na kadi anabaki mhalifu yuleyule, na mara nyingi huyo ndiye maskini zaidi. Ndiyo maana siungi mkono kadi.

Ninachokiunga mkono ni kuondoa jinai kwa watu wazima, kama New Zealand ilivyofanya mwaka 2003. Kule anayejiuzia mwenyewe hahitaji kibali, na hadi wanne wanaweza kufanya kazi nyumba moja bila leseni, mradi kila mmoja asimamie mapato yake. Wenye madanguro makubwa ndio wanaoomba cheti. Kasoro ipo: wageni wenye viza za muda hawaruhusiwi, na hao hubaki mikononi mwa wanyonyaji. Kwa walio chini ya miaka 18, na kwa wasafirishaji wa watu, sheria ibaki kali ilivyo. Hapo sina la kulegeza.

Turudi kwa dadako. Aliyekubali kosa hawezi kukata rufaa isipokuwa kuhusu adhabu, na muda ni siku 14. Lakini aende masjala ya mahakama aombe nakala ya mwenendo wa kesi. Aangalie kama shtaka lilisomwa kwa lugha anayoielewa na kama maelezo ya kosa yalisomwa kabla ya kutiwa hatiani. Pakiwa na dosari hapo, Mahakama Kuu inaweza kuombwa ipitie upya uamuzi huo. Na akikamatwa tena, asikubali lolote kabla ya kuongea na wakili. Kwa kosa lenye adhabu ya faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6, Ibara ya 49 ya Katiba hairuhusu awekwe rumande.