Mtambaapanya haukuitwa hivyo bure

Swali la wiki lilitoka kwa dada wa Chikongola, Mtwara. Kila baada ya miezi miwili ananunua sumu, panya wanakufa, nyumba inatulia wiki mbili tatu, kisha dari linaanza tena kutimka usiku. Anauliza kama kuna sumu kali kuliko hiyo.

Dada, tatizo halipo kwenye ukali wa sumu. Panya jike hubeba mimba siku 21 hadi 23, huzaa watoto sita hadi wanane kwa mkupuo, na watoto hao wakifika miezi mitatu hivi nao wanazaa. Ukiua kumi ukaacha matundu na magunia kama yalivyo, umewaachia nafasi wa jirani, wa bandani na wa juu ya mnazi. Zile wiki mbili tatu za utulivu ndizo wanazotumia kuhamia. Kwa hiyo nitaeleza nyumba kwanza, sumu mwisho.

Anza kwa kujua nani anaishi kwako. Mavi yenye urefu wa milimita 12 hivi na ncha zilizochongoka ni ya panya wa darini, yule mwenye masikio makubwa na mkia mrefu kuliko kiwiliwili. Punje ndogo za milimita 3 hadi 6, kama chenga za mchele, ni za panya mdogo wa kabatini. Mavi manene, butu, yanayokaribia sentimita 2 ni ya panya wa mitaroni, ambaye hachezi darini sana. Yeye huchimba chini ya sakafu na pembeni ya choo. Na kama unachokiona kina mdomo mrefu uliochongoka na harufu kali inayobaki pale alipopita, huyo ni kirukanjia. Anakula mende na wadudu, si mwizi wa unga. Mwache apite.

Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zinasumbuliwa na wa darini. Panda ngazi mchana na tochi, utazame mtambaapanya, ule mti uliolazwa juu ya ukuta kubeba paa. Mafundi wa zamani waliupa jina hilo kwa sababu waliona anayepita hapo. Imulike tochi kwa ubavu, si moja kwa moja: utaona mstari mweusi unaong'aa kama mbao iliyopakwa grisi. Hayo ni mafuta na uchafu wa manyoya, yameachwa na miili inayopita njia ileile kila usiku. Ufuate mstari huo mpaka mwisho, utafika kwenye mlango wao. Mara nyingi ni pale bati linapokalia ukuta. Bati la migongo lina mgongo mmoja kila sentimita 7 au 8, na chini ya kila mgongo kuna uwazi. Upande wa nyumba wenye mita 10 una nafasi zaidi ya 120 za namna hiyo. Panya mdogo anapenya kwenye tundu la milimita 6, unene wa kalamu ya risasi, na panya wa darini anayekua anapenya kwenye milimita 12. Mtu anayeziba tundu la mlangoni peke yake ameziba moja kati ya mia.

Hata hivyo usikimbilie kuziba leo. Ukiwafungia ndani watatafuna dari, nyaya za umeme na fremu za milango, na watakaofia humo watakunukia siku nyingi. Panya watolewe kwanza.

Wiki ya kwanza ni ya chakula. Panya wa darini anatosheka na gramu 15 hadi 25 kwa siku, yaani makombo ya ukoko na punje zilizodondoka chini ya kinu zinamlisha. Salfeti ya mtama au makopa inatobolewa usiku mmoja, na ile mifuko ya kuzuia hewa ikishatobolewa haina kazi tena, wadudu wanaingia. Weka nafaka kwenye pipa la chuma au debe lenye mfuniko unaobana. Ndoo ya plastiki ngumu inafaa pia mradi mfuniko uwe mzima, kwa sababu jino la panya linahitaji ukingo wa kushikia; uso laini wa mviringo unamshinda. Magunia ya korosho yanayosubiri kupelekwa ghalani yapande juu ya chaga, yakae mbali na ukuta angalau nusu mita ili upite na ufagio nyuma yake. Yakigusa ukuta, umejenga kiota.

Wiki hiyohiyo weka mitego bila kuivuta springi. Hapa ndipo wengi wanakosea. Panya wa darini anaogopa kitu kigeni. Mtego mpya ukiwa umevutwa usiku wa kwanza, atakayeguswa akaponyoka hatausogelea tena. Nyumba ya vyumba vitatu inataka mitego 8 hadi 12 ya mbao au chuma yenye springi, si miwili. Ilaze ukutani na juu ya mtambaapanya kwa kuikingamisha, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hutembea ubavu wake ukiwa umeegemea kitu. Ya juu ifunge kwa waya isianguke na panya wake. Chambo kisizidi punje ya mbaazi: kipande cha nazi iliyochomwa, korosho ya kukaanga iliyopondwa, au kichwa cha dagaa kilichofungwa kwa uzi kwenye ulimi wa mtego. Ukiweka kikubwa, anakula pembeni na kuondoka salama. Nazi mbichi inachacha kwa siku moja katika joto letu, ndiyo maana nasema ichomwe.

Waache wale bure siku tatu hadi tano. Ukiona chambo kinaisha kila usiku, vuta mitego yote jioni moja. Utakamata wengi usiku huo na unaofuata, kisha idadi itashuka. Kipanya wa kabatini hana woga huo. Kwake vuta mtego siku ya kwanza, na usiitenganishe zaidi ya mita 2 au 3, maana hatembei mbali. Mitego ya gundi siipendekezi: vumbi la darini linaiua mapema, na inashika mijusi na vifaranga.

Usiku tatu mfululizo zikipita bila kitu, nyunyiza unga wa muhogo mwembamba juu ya mtambaapanya na kando ya kuta. Asubuhi pasipo na alama ya nyayo wala mkia, ita fundi.

Udongo wa kuzibia uwe saruji 1 kwa mchanga 3, mchanga wa mtoni au wa shimo. Wa ufukweni una chumvi, utapasuka na kumomonyoka. Kabla ya kupaka, jaza uwazi kwa stili waya ya kusugulia sufuria, uishindilie, ndipo saruji ije juu. Stili waya peke yake karibu na bahari inageuka kutu baada ya miezi michache, na saruji peke yake ikiwa bado mbichi panya anaichimba usiku uleule. Viwili hivyo vinalindana. Matundu ya hewa usiyazibe, nyumba itakuwa tanuri. Yawekee wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6. Wavu wa kuku ni mpana mno, na wavu wa mbu unatafunwa. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati mpaka uwazi usipitishe kalamu.

Paa la makuti haliwezi kuzibwa, na asikudanganye mtu. Humo nguvu yako ni chakula kilichofungwa, mitego ya kudumu na paka. Kata matawi ya mwembe au mkorosho yabaki mita 2 kutoka kwenye paa. Ukiokota chini ya mnazi vitale vyenye tundu la duara karibu na kikonyo, panya wanaishi juu yake: zungushia shina bati laini lenye upana wa sentimita 40, mita 2 kutoka ardhini, na uhakikishe makuti yake hayagusi paa wala mnazi mwingine.

Sasa sumu. Ina nafasi yake, hasa kwa panya wa mitaroni na maghalani. Ile ya vipande vya buluu au waridi huzuia damu kuganda. Panya anakufa baada ya siku tatu hadi saba, kwa hiyo wenzake hawaunganishi kifo na chakula. Iweke ndani ya boksi lenye tundu la sentimita 6, lililofungwa mahali pake, na uijaze mpaka wasile tena. Wanaoweka mara moja na kuacha wanabakiza nusu. Unga mweusi unaonuka kama kitunguu saumu ni zinki fosfaidi, unaua haraka, na aliyeonja kidogo akaumwa hataugusa tena. Usinunue pakiti isiyo na lebo wala namba ya usajili, hata ikisifiwa vipi na muuzaji wa barabarani. Kwenye dari lililofungwa usiweke sumu kabisa. Mtoto akila, usimpe maziwa wala mafuta. Mkimbize hospitali, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, ukiwa na pakiti mkononi. Ile ya kuzuia damu ina dawa yake, vitamini K. Zinki fosfaidi haina, na kila dakika ina maana.

Na hili nalisema kwa heshima kwa sababu ni chakula chetu: samaki nchanga, yaani panya wa kitoweo, anayeliwa ni wa shambani aliyetegwa. Panya wa nyumbani, au aliyeokotwa jirani na mahali palipowekwa sumu, asiingie chunguni. Azikwe nusu mita, mbali na kisima, mbwa na kuku wasimfukue.

Julai 2022 ugonjwa ulioua watu Ruangwa, mkoani Lindi, ulitambuliwa kuwa homa ya mgunda, na vijidudu vyake hukaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Basi usifagie mavi yao makavu. Vaa glavu na viatu vya kufunika, changanya jiki kikombe 1 na maji vikombe 9, lowanisha, subiri dakika 10, kisha futa na kuosha. Mwenye kidonda mguuni asiifanye kazi hiyo. Homa inayokuja na maumivu makali ya kichwa na damu puani ipelekwe hospitali, na useme wazi kwamba nyumba ina panya.

Wakati mzuri wa kazi hii yote ni Agosti na Septemba. Mashamba yamevunwa na kuchomwa, panya wamekimbilia majumbani, na korosho hazijafika. Nyumba ya kupanga ya vyumba sita ifanye wiki moja kwa pamoja, kwa sababu mtambaapanya ni mmoja na unapita juu ya vyumba vyote. Baada ya hapo nyunyiza unga juu yake kila mwisho wa mwezi. Ukiona unyayo mmoja, rudisha mitego miwili jioni hiyohiyo, kisha mtafute fundi aangalie mgongo upi wa bati umeachia.