Chakula cha mimea kwa utumbo wenye uvimbe

Dada, pole. Umesema daktari amekuta utumbo mpana umevimba kwa ndani, na unataka vyakula vya mimea vya kuutuliza. Tumbo likichafuka, kula laini: uji wa mchele, ndizi mbivu, papai, boga la kuchemsha. Maharage na mahindi ya kuchoma rudisha kidogo kidogo likishatulia. Manjano tia kwenye mchuzi pamoja na pilipili manga, maana huyasaidia kuingia mwilini. Ila kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza. Shubiri mbichi achana nayo kabisa, utomvu wake unaharisha vibaya, hata wauzaji waisifie vipi. Dawa za hospitali usiache. Damu ikiongezeka chooni au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyohiyo.