Swali la Msomaji: Orodha ya Kukagua Tovuti Imetuangusha

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha sayansi sekondari. Niliwapa wanafunzi orodha ya kukagua tovuti: je, mwandishi ametajwa, tarehe ipo, lugha ni sanifu, anwani inaishia na .org? Kundi moja liliniletea tovuti inayodai kwamba chanjo ya surua husababisha usonji, nayo ilikuwa imepata vema kila mahali. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako walitii maelekezo, tatizo ni kwamba orodha hiyo inawafungia ndani ya ukurasa, mahali ambapo mwenye tovuti hupanga kila kitu apendavyo. Jina, tarehe na lugha sanifu hujiwekea mwenyewe, na anwani ya .org, ambayo wengi huidhania kuwa alama ya taasisi za kuaminika, husajiliwa na yeyote anayeilipia.

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi walivyowatazama watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho na wahakiki wa habari 10. Wahakiki ndio waliofikia uamuzi sahihi upesi zaidi, kwa sababu waliuacha ukurasa mapema na kutafuta kwingineko habari za mwenye tovuti, ilhali wengi wa wenzao, wasomi hao wakiwamo, walibaki humo wakivutwa na nembo na marejeo. (Nakiri kwamba nami ningebaki nao.)

Kwa hiyo wape dakika 5 tu, na uwakataze kuusoma ukurasa hadi mwisho. Watafute nje yake: nani anaumiliki, nani anaufadhili, na wataalamu wa fani hiyo wanasemaje kuhusu dai lenyewe.

Dai la usonji linafaa sana kwa zoezi hili, kwani chimbuko lake ni makala ya Andrew Wakefield na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1998 katika jarida mashuhuri la The Lancet. Mwanafunzi anayeamini kwamba jarida la kitaalamu ni ushahidi tosha ataridhika hapo. Msukume aulize yaliyofuata, naye atakuta kwamba makala hiyo ilihusu watoto 12, kwamba jarida liliibatilisha mwaka 2010, na kwamba utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona chanjo hiyo ikiongeza usonji. Tumia muda mrefu kujadili tofauti kati ya 12 na 650,000, maana humo ndimo sayansi ilimo.

Jihadhari pia usiwape uongo mtupu kila kipindi, wasije wakajifunza kukana kila kitu, jambo ambalo ni rahisi kuliko kupima. Kipindi kijacho wape ukurasa wenye sura mbovu na habari za kweli, bila kuwadokezea.