Nilinunua kompyuta tatu kabla ya kununua kiti

"Assalaam alaykum dada. Nina laki nane na nusu. Nasoma uhasibu mwaka wa pili, likizo narudi kwetu Wete. Ninunue laptopu ya inchi 13, ya inchi 15, au nichukue ya mezani nitulie? Maana shingo inaniuma."

Ujumbe huu umeniingilia Jumanne usiku. Ningeujibu kwa mistari mitatu nikalala, kama si hayo maneno ya mwisho. Mimi na shingo yangu tumegombana miaka minne mizima, na ugomvi ulianzia hapo hapo, kwenye suala la inchi. Kwa hivyo mdogo wangu, kaa kitako, jibu ni refu.

Nilianza kuwafanyia watu hesabu mwaka 2017, kwa laptopu ya inchi 11.6. Niliichagua kwa sababu inaingia mkobani na haionekani. Na nisidanganye, kwa sababu ilikuwa nyekundu. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya nyumba ya wageni Mji Mkongwe: vyumba tisa, mwenyewe mzee mkali lakini mlipaji. Kila mwezi jedwali moja la Excel, ubavuni vyumba na matumizi, juu tarehe, 1 mpaka 31. Kioo changu kilionyesha safu ishirini tu. Zilizobaki ziko nje, mpaka uvute. Ukivuta, majina ya vyumba yanapotea upande wa pili. Nikachoka kuvuta, nikapunguza ukubwa mpaka asilimia 60, mwezi mzima ukaingia. Jedwali likapendeza kama leso mpya. Ila kwa asilimia 60, kwenye kioo kile, 3 na 8 ni pacha.

Agosti, wageni wamejaa, nikaandika 830,000 pahala pa 330,000. Mzee akaniita. Akanikalisha barazani, mpokea wageni wake yupo, kijana wa kubeba mizigo yupo, akaikunjua ile karatasi.

"Binti, hizi hesabu au ramli?"

Wakacheka. Mwezi uliofuata kazi alipewa mtu mwengine. Hata leo nikiwa na shughuli upande ule nazunguka kwa nyuma, nisipite mbele ya baraza ile. Najua ni utoto. Nazunguka tu.

Basi nikajiambia: kosa ni udogo wa kioo. Hapo nilikuwa na nusu ya kweli, na nusu ya kweli imenila pesa nyingi. Inchi zinapimwa kwa mshazari, pembe hadi pembe. Zinakwambia kioo kina ukubwa gani, hazikwambii kinabeba nini. Kinachobeba ni nukta, vile vitone vidogo vinavyochora picha: kile changu kilikuwa na nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Sasa ziko laptopu za inchi 15.6, kubwa, za kujaza meza, zenye nukta hizo hizo 1366. Ukinunua moja utapata safu zile zile ishirini, herufi zimenenepa tu. Mhasibu anataka nukta 1920 kwa 1080, ile wanayoiita Full HD. Hapo Excel inafika safu ya 29 hivi bila ya kupunguza kitu, na ukizibana safu kidogo, siku zote 31 zinaingia. Hili hakuna muuzaji aliyeniambia. Wao wanataja inchi na rangi.

Kwa hasira nikaruka upande wa pili kabisa. Zamu yangu ya upatu ilipofika, nikanunua laptopu ya inchi 17.3. Wallahi nilijiona. Nilikuwa nimeshapata kazi ya hoteli ndogo Jambiani, naenda mara mbili kwa wiki, na nilipoifungua pale mapokezi kila mtu aligeuka. Lile dude lilikuwa na kilo tatu, chaja yake peke yake kama tofali. Panda nalo gari ya shamba asubuhi, umebanwa baina ya tenga la samaki na mtoto wa watu, mkoba umeupakata kwa sababu chini pana maji. Bega la kulia lilianza kulalamika mwezi wa kwanza. Betri nayo haikufika saa mbili, kwa hivyo kila nikifika pahala la kwanza kutafuta si kiti, ni soketi.

Nyumbani ndiko nilikojimaliza. Sikuwa na meza. Nilitandika mkeka ukumbini, laptopu juu ya kigoda, mimi nimekunja miguu, mgongo umepinda, kidevu kimegusa kifua, kutoka alasiri mpaka usiku wa manane. Siku moja mama alisimama mlangoni akaniangalia kwa muda.

"Mwanangu, hivyo unavyokaa, kasoro nazi tu mkononi."

Ndivyo nilivyokuwa, kama mtu aliye juu ya kibao cha mbuzi. Tafauti ni kwamba nazi mbili unazikuna kwa dakika kumi ukainuka. Mimi nilikuwa nakuna masaa saba.

Shingo ikakaza. Baadae vidole viwili vya mkono wa kulia vikawa vinachonyota. Bibi akanisugua kwa mafuta ya makonyo ya karafuu aliyoletewa kutoka Pemba, nyumba nzima ikanuka ghala la karafuu, na kwa muda wa kusugua nilipata nafuu. Ukiacha kusugua, iko pale pale. Mwisho nikaenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akaniambia nimuonyeshe ninavyokaa. Nikakaa sakafuni pale pale chumbani mwake, na baibui langu, nikaweka kiatu kiwe ndio laptopu.

Alichonieleza sijakisahau. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne na nusu mpaka tano. Kikiwa wima, mifupa inakibeba. Ukikiinamisha, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke, na misuli haikuumbwa kuning'iniza kilo tano kutwa. Kisha akasema jambo ambalo wanunuzi wote wa laptopu tungelisikia kabla ya kutoa pesa: kioo na kibodi vimeungwa. Ukiinyanyua laptopu macho yafike, mikono inaelea na mabega yanapanda. Ukiishusha mikono ipumzike, shingo inainama. Iwe ya inchi 11 au ya inchi 17, kasoro hiyo imezaliwa nayo. Kioo kinataka ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, mbali kiasi cha mkono ulionyooka. Kibodi inataka kiwiko kiwe kimekunjwa pembe mraba. Kitu kimoja hakiwezi kukaa pahala pawili.

Nikamuuliza, sasa ninunue ya inchi ngapi?

"Una kiti?"

Nikanyamaza. Unadhani nilitoka pale nikanunua kiti? Nilinunua kompyuta ya tatu.

Ya mezani, ya mtumba, kutoka soko la Darajani mjini, na kioo cha inchi 24. Baba hakunizuia, alisema tu, "Kompyuta ya mezani Unguja ni pambo." Yeye bado anaishi kwenye ile miezi ya giza, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika kisiwa kizima. Na mimi naikumbuka, nilikuwa skuli, kidato cha pili, tunadurusu kwa kandili na asubuhi pua nyeusi. Lakini nilijiambia hayo yamepita.

Na kwa raha, mdogo wangu, sikufichi, hakuna kinachoishinda ya mezani. Kioo cha inchi 24 kina upana wa sentimita 53 na kimo cha 30, ukitoa eneo ni zaidi ya mara mbili ya kile cha inchi 15.6. Nilikiweka juu ya meza ya cherehani ya shangazi, chini yake matofali mawili niliyoyafunga kanga yasikwaruze, na mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nikawa natazama mbele, kama mtu. Wiki ya pili vidole vikaacha kuchonyota. Nililia, wala sioni haya kusema.

Halafu ikaja tarehe 28 ya mwezi mmoja hivi. Mishahara ya watu kumi na wanne, nimeshaingiza kumi na moja, umeme ukakatika. Sikushtuka, nilikuwa na UPS, lile boksi la betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Duka liliponiuzia liliapa nusu saa. Ilipiga kelele dakika nne ikanyamaza, betri yake ilikuwa imekufa zamani. Jambiani wananipigia simu, mimi nimekaa gizani mbele ya kioo kizuri cha inchi 24 kinachonionyesha sura yangu mwenyewe. Tukuza nayo, umeme wetu wa kulipia kabla, ilikuwa ikinitafuna kimya kimya. Mashine ile na kioo chake, kwa saa kumi za kazi, ilikuwa inakwenda uniti moja na zaidi kwa siku. Laptopu haifiki nusu yake. Na hewa yetu hii ya chumvi ilishaanza kuzifanya kijani zile tundu za nyuma za kuchomekea waya.

Mwaka uliofuata naupita, hamna la maana isipokuwa madeni.

Sasa nilivyo leo. Nina laptopu ya inchi 14, ya mtumba, kilo moja na nusu, nukta 1920. Mashine ya mezani niliiuza, kioo cha inchi 24 nilibaki nacho. Nikifika nyumbani nachomeka waya mmoja wa HDMI, ule wa kupeleka picha kwenye kioo, kibodi ya pembeni, mausi, na laptopu naiweka kando. Umeme ukikatika kioo kikubwa kinazimika, kazi haipotei, naendelea kwenye kile kidogo saa tatu nyengine. Na kiti, ndio, hatimaye kiti: cha ofisi, cha mtumba, kinapanda na kushuka. Mimi mfupi, nikikipandisha mikono ifikie meza miguu inaning'inia, kwa hivyo chini nimeweka kibao cha mbuzi kibovu kilichong'oka meno. Mama amekitambua, na hajafurahi. Kiti kile kilikuwa bei ndogo kuliko kompyuta zote nilizonunua, na ndicho kilichomaliza ugomvi. Leo nafanya hesabu za pahala patano na shingo sina habari nayo. Yule mzee wa ramli, nasikia, sasa hivi amebadilisha wahasibu watatu. Mimi sisemi kitu.

Nasema na vijana wangu wengine lakini, kwa sababu nawaona. Nawaona mnakopa mpate laptopu ya kumeremeta taa chini ya kibodi, mnakwenda kuifungulia pwani, chumvi na mchanga vinaingia, na nyumbani mnaitumia kitandani mmelala kifudifudi. Unamuonyesha nani? Mgongo ni wako. Watu wanatoa laki kumi za kioo na kiti wanasema ghali. Na mimi nilisema hivyo hivyo, ndiyo maana nina haki ya kukugombeza. Kiti kwanza. Nyanyua kioo. Tenganisha kibodi. Nyanyua kioo, nasema tena. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma yako. Feni isikupige usoni, maana ukikodolea kioo unasahau kupepesa na macho yanakauka. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho futi 20, yaani mita 6, kwa sekunde 20. Mimi natazama mwembe wa jirani, na sasa najua kila embe iliyobaki.

Nirudi kwako. Ya mezani usinunue, wewe mtu wa kuvuka na boti kwenda Pemba kila likizo, hutaibeba. Ya inchi 13 ni nzuri kubeba lakini majedwali yatakutesa siku utakazokuwa huna kioo cha pembeni. Ya inchi 15.6 wahasibu wanaipenda kwa zile namba za kulia kwenye kibodi, na hapo ndipo mtego ulipo: namba zile zinasukuma herufi kushoto, kwa hivyo unachapa umekaa upande kutwa nzima. Kibodi ya pembeni yenye namba haifiki elfu thelathini. Chukua ya inchi 14 yenye nukta 1920, ya mtumba, kwa laki tano na nusu ukibembeleza. Kioo cha inchi 22 au 24 cha mtumba, laki moja na nusu. Kibodi na mausi, hiyo elfu thelathini, ongeza kidogo. Laki moja inayobaki usiile, ni ya kiti.

Kioo cha mtumba usikilipie kimezimwa. Mwambie akiwashe, fungua ukurasa mweupe mtupu ukijaze kioo chote, tafuta nukta nyeusi na madoa ya manjano pembeni. Kiache kiwake robo saa, vyengine huanza kuchezacheza vikipata moto. Tazama tundu za nyuma, zikiwa kijani kirudishe.

Ukishuka Unguja nijulishe, nitakusindikiza Darajani mwenyewe. Lakini usije Ijumaa mchana, tutakuta milango imefungwa wamekwenda kuswali, na yule ninayemjua mimi akishatoka mskitini hupitia kwao kula, hafungui mpaka alasiri.