Kadi ya muuzaji wa alamu si leseni ya kampuni

Dada, umeuliza kama kadi aliyokuonyesha muuzaji wa alamu za usalama (ving'ora vya nyumbani) mlangoni kwako Texas inatosha. Haitoshi. Marekani haina leseni moja ya nchi nzima kwa kampuni za alamu. Kila jimbo lina utaratibu wake. Huko Texas, kampuni hizi zinasimamiwa na Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo, ambayo ina tovuti ya kukagua leseni.

Mwombe namba ya leseni, uitafute mwenyewe. Jina linalotokea lilinganishe na lile lililo kwenye mkataba, neno kwa neno, maana mara nyingi anayebisha hodi ni wakala tu, na utakayemlipa kila mwezi ni mwingine kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia, na inaniuma kila nikisikia. Akikataa kutoa namba, mfungie mlango.

Kama umeshasaini nyumbani, kanuni ya serikali ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inakupa hadi saa sita usiku ya siku ya 3 ya kazi baada ya kusaini kufuta mkataba. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili haihesabiwi. Andika barua leo, ubaki na nakala.