Bodi Kwanza, Springi Baadaye: Kwa Anayeanza Kuandaa Datsun 240Z kwa Mbio za Sakiti

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu Datsun 240Z kwa vumbi na matope, kwa kuwa Edgar Herrmann na Hans Schüller waliibuka washindi wa Safari Rally wakiwa nayo mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakafanya hivyo hivyo. Katika miaka hiyo hiyo gari hili lilikuwa likitamba pia kwenye lami: huko Marekani John Morton, dereva wa timu ya Pete Brock, alitwaa ubingwa wa SCCA, klabu ya magari ya michezo ya huko, katika daraja la C Production mwaka 1970 na tena mwaka 1971. Gari la Safari huhitaji kusimama juu na kuwa na shokapu zenye mwendo mrefu, ilhali la sakiti hushushwa na kukazwa. Yote mawili, hata hivyo, huanza na bodi iliyo imara, na hapo ndipo wanaoanza kazi hii huruka hatua. Wananunua springi ngumu, wanalishusha gari, kisha wanashangaa kwa nini linazidi kuwa gumu kuliendesha.

Kabla ya kukata chochote, soma kanuni za daraja unalokusudia kushindana. Mashindano ya magari ya kale yanayofuata Kiambatisho K cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, yanadai gari libaki katika hali ya enzi yake, na mabadiliko mengi nitakayoyaeleza hapa hayakubaliki huko. Ukishafupisha nguzo za shokapu, yaani mabomba yanayobeba shokapu, na kuchomelea vishikizo vipya, kulirudisha gari kwenye hali ya awali ni gharama juu ya gharama.

240Z haina chesesi inayojitegemea kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo chesesi: mabati membamba yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa nukta za moto, na gari la umri huu karibu lazima liwe na kutu. Kagua chini ya sahani ya betri, kwenye mihimili inayopita chini ya sakafu, na hasa mahali ambapo fimbo za amu za mbele (amu ni mikono inayoshika magurudumu) hushikwa kwenye mhimili, kwa kuwa nguvu yote ya breki za mbele huishia hapo. Gonga kwa nyundo ndogo na usikilize. Bati zima hulia, bati lililooza hutoa sauti butu. Palipooza pakatwe mpaka kwenye chuma safi ndipo pawekwe bati jipya. Kuchomelea kiraka juu ya kutu ni kuificha tu.

Baada ya hapo ndipo unapoimarisha mishono, yaani mahali mabati yanapoungana. Mimi huchomelea kipande cha milimita 25, huruka milimita 50, kisha huhamia upande wa pili wa gari ili joto lisikusanyike mahali pamoja na kuipinda bodi. Gari liwe limekaa sawa juu ya stendi, milango ikiwa imefungwa, na kila baada ya muda fungua mlango uone kama bado unafunga kwa wepesi ule ule. Sehemu iliyo mbele ya minara ya shokapu za mbele, yaani pale bodi inapozishika shokapu kwa juu, naiacha kama ilivyotoka kiwandani, kwa sababu katika ajali ndiyo inayotakiwa kukunjamana badala ya miguu ya dereva.

Kizimba cha usalama, yaani fremu ya mabomba inayomzunguka dereva, hakihusu usalama pekee. Kikiunganishwa na minara ya shokapu, mbele na nyuma, huibadilisha tabia ya gari kuliko kitu kingine chochote utakachokinunua. Kanuni za FIA, katika Ibara ya 253 ya Kiambatisho J, zinataka tao kuu liwe la bomba la chuma lisilo na mshono lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa 2. Kila mguu wa tao hilo ukae juu ya sahani yenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba, iliyochomelewa kwenye bodi. Usikubali bomba la maji, hata fundi akikuapia kwamba ni nene.

Sasa tuje kwenye magurudumu. Mbele, 240Z ina nguzo ya shokapu, amu moja ya chini, na fimbo inayokwenda nyuma kuizuia amu isisogee. Fimbo hiyo hushikwa na bushi (pete za mpira) mbili, moja kila upande wa kishikizo. Wengi hubadilisha mpira wa zote mbili na kuweka poliyurethani ngumu, na hapo fimbo, ambayo inapaswa kuyumba kidogo amu inapopanda na kushuka, hunyimwa nafasi hiyo, ikawa inapindwa kila mara mpaka inakatika. Weka ngumu upande wa mbele wa kishikizo unaobeba nguvu ya breki, na uache mpira upande wa nyuma. Au, kanuni zikiruhusu, tumia kiungo chenye tufe la chuma kinachozunguka kwa uhuru.

Nyuma utakutana na pini ndefu inayopita chini ya kitovu cha gurudumu na kuishika amu. Pini hii ni maarufu kwa kugandiana na bushi. Anza kuimwagia mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa kabla ya kazi, toa kwanza kipini kidogo kinachoifunga katikati, kisha itoe kwa kifaa cha kuvutia. Ukiigonga kwa nyundo utaziharibu nyuzi zake bila yenyewe kusogea. Ikikataa kabisa, kata kupitia kwenye bushi na ununue nyingine. Pini haistahili kukufanya uvunje kitovu.

Kushusha gari ndiko kunakodanganya watu zaidi. Likishuka milimita 50, amu za chini huinuka upande wa gurudumu, na kitovu cha kuyumba, yaani nukta ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona, hushuka zaidi kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya vitovu hivyo viwili huongezeka, na gari ulilolishusha ili lisilale likapata sababu mpya ya kulala. Dawa yake ni kuweka kipande cha alumini chenye unene wa milimita 20 hadi 25 kati ya nguzo na mkono wa stelingi, ule unaoligeuza gurudumu. Kwa kuwa katika gari hili boljointi (kiungo cha ncha ya amu) na tairodi (fimbo ya stelingi) zote hukaa kwenye mkono huo, vyote viwili hushuka pamoja, na amu na tairodi hukaribia mlalo wao wa awali. Tumia bolti ndefu zaidi zenye ubora ule ule, na uhakikishe tairodi haigusi rimu.

Vilevile usishushe gari bila kufupisha nguzo. Shokapu ya urefu wa kiwandani ndani ya gari lililoshushwa hubaki na mwendo mdogo sana wa kwenda juu. Katikati ya kona hugonga kizuizi, na gurudumu la mbele huacha kushika ghafla bila kukuonya. Bomba la nguzo likatwe kwa kadiri ile ile ya kushusha, lichomelewe na mtu anayejua kunyoosha bomba, kisha liwekewe shokapu fupi.

Springi huja hapa, na si mapema. Za kiwandani ziko chini ya niutoni 20 kwa milimita. Kwa sakiti, kwenye matairi ya mashindano, 45 hadi 60 ni mahali pazuri pa kuanzia. Usikisie, piga hesabu. Chukua uzito unaobebwa na springi ya kona moja, tuseme kilo 245, na springi ya niutoni 50 kwa milimita, ambazo ni 50,000 kwa mita. Gawanya 50,000 kwa 245, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya kwa 6.28: utapata takriban mipigo 2.3 kwa sekunde, yaani mara ambazo kona hiyo hupanda na kushuka juu ya springi. Kwa springi ya niutoni 17 ungepata takriban 1.3. Namba hiyo ndiyo inayokuwezesha kulinganisha mbele na nyuma. Shokapu lazima ilingane na springi. Shokapu ya barabarani haiwezi kuituliza springi iliyo ngumu mara tatu.

Mwinamo wa magurudumu, yaani jinsi yanavyoinama ukiyatazama kutoka mbele, haurekebishiki kwenye gari hili lilivyotoka kiwandani, kwa hiyo utahitaji sahani za kurekebishia juu ya minara. Anza na nyuzi 2.5 hadi 3 kuelekea ndani mbele, na 1.5 hadi 2 nyuma. Pima ukiwa umekaa kwenye kiti, au uweke mifuko ya mchanga yenye uzito wako, na mafuta ya kiasi cha mbio yakiwa ndani ya tangi. Mizani ya kona nne, inayopima kila gurudumu peke yake, itumike baada ya kufungua upande mmoja wa stabilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale, la sivyo itakupa takwimu za uongo. Lenga jumla ya kona ya mbele kushoto na ya nyuma kulia iwe nusu ya uzito wote.

Ukifika sakitini, pima joto la tairi katika sehemu tatu, ndani, katikati na nje, mara tu gari linapoingia, kwa sababu mzunguko wa polepole wa kupoza breki hufuta ushahidi. Upande wa nje ukiwa na joto zaidi, ongeza mwinamo. Katikati ikizidi, punguza upepo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukiandike kwenye daftari. Na kabla ya kutoka kwa mara ya pili, jeki ipande na kila nati iliyofunguliwa wakati wa kazi ikazwe upya kwa spana ya kipimo, ukianza na bolti za mkono wa stelingi.