Choki mbele au kapasita mbele? Kiswahili cha pawa saplai za hita

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika mwongozo wa Kiswahili kuhusu pawa saplai za hita (waya zinazopasha moto) za valvu, zile ambazo choki (koili yenye kiini cha chuma) hutangulia kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji). Nimeandika hivi: "Ugavi wa umeme wa choki ya kuingiza unasafisha volti zinazopita kwenye hita, na choki lazima iwe na induktansi muhimu." (Induktansi ni uwezo wa koili kupinga mabadiliko ya mkondo.) Mwenzangu anadai hiki si Kiswahili, na kwamba kosa ni la maneno ya mkopo: choki, hita, induktansi. Je, nitafute maneno ya asili? Pia, tuseme "volti 6.3 inatosha" au "zinatosha"?

Jibu: Marahaba. Mwenzako ana haki ya kulalamika, ila amemkamata asiyehusika. Choki, hita, valvu, diodi na kapasita hayana kosa lolote. Yamekaa katika ngeli ya I-ZI bila ugomvi, pamoja na meza na kalamu ambazo nazo tulizikopa: choki hii, choki hizi, valvu yake, valvu zake. Ukiyafukuza utalazimika kubuni majina ambayo msomaji wako, aliyeshika chuma cha kulehemu mkononi, hatayatambua. Kilichoiharibu sentensi yako ni vitenzi viwili, kivumishi kimoja, neno "ugavi" na hicho kipande "ya kuingiza".

Nianze na hicho kipande. Kwa kawaida "-a" ikifuatwa na kitenzi-jina hutaja kazi ya kitu: maji ya kunywa, kisu cha kukatia. Kwa hiyo "choki ya kuingiza" ni choki ya kuingizia kitu, au choki inayosubiri kuingizwa mahali. Wewe hukukusudia kazi, ulikusudia nafasi: baada ya diodi, wa kwanza kupokea mkondo ni choki, kapasita inafuata. Nafasi tunaieleza vizuri kwa kirejeshi, "chujio linaloanza na choki", au kwa kielezi pale unapotaka jina fupi la kuweka kwenye kichwa: "chujio la choki mbele". Mwenzake ni "chujio la kapasita mbele". Angalia pia kwamba kinachoanza na choki ni chujio. Pawa saplai yenyewe huanza na transfoma. Na hilo neno "ugavi" nalo halifai hapa, kwa sababu ugavi ni tendo au huduma ya kugawa. Anayesoma "ugavi wa umeme" atafikiria nguzo na nyaya za mtaani. Kifaa kiite pawa saplai, kama ulivyokiita mwenyewe ulipokuwa unaniuliza.

Nafasi hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Kapasita ikiwa mbele, hujaa hadi karibu na kilele cha wimbi, yaani karibu mara 1.4 ya volteji ya transfoma kabla ya kutoa kile kinacholiwa na diodi, na mkondo huja kwa mishtuko mifupi mikali. Choki ikiwa mbele, volteji hutulia kwenye wastani wa wimbi, karibu mara 0.9, na mkondo hupita bila kukatika. Msomaji akikosea kati ya majina hayo mawili atanunua transfoma isiyofaa.

Chukua hita ya valvu ya EL34, volti 6.3 na ampea 1.5. Daraja la diodi za silikoni hula karibu volti 1.8, maana diodi mbili zinafanya kazi kwa zamu moja. Choki yenye ukinzani wa omu 0.5 hula volti 0.75. Jumla, pamoja na 6.3 za hita, ni volti 8.85. Gawanya kwa 0.9, unapata karibu volti 9.8, kwa hiyo transfoma ya volti 10 inafaa. (Nimesema "hula" makusudi. Ndivyo mafundi wanavyosema, na ni kitenzi kizuri kuliko "hupoteza", ambacho kinamfanya msomaji adhani kuna hitilafu.)

Sasa "volti zinazopita". Hapa sarufi iko sawa, fizikia ndiyo inayokataa. Kinachopita ni mkondo. Volteji haipiti popote. Hupimwa kati ya ncha mbili, na vitenzi vyake ni kupanda, kushuka, kutulia. Andika "mkondo unaopita kwenye hita" na "volteji iliyopo kwenye ncha za hita". Katika mazungumzo ya kawaida neno "umeme" hubeba yote mawili na hakuna anayeumia, lakini kwenye mwongozo linaficha kitu ambacho fundi anahitaji kukijua: aweke mita sambamba na hita, au akate waya aiingize mita katikati?

"Kusafisha" pia kuna shida yake. Kwenye kifaa cha valvu kusafisha ni kazi halisi: soketi husafishwa, miguu ya valvu husafishwa. Kwa umeme tuna vitenzi vilivyo wazi zaidi. Diodi *hugeuza* mkondo geu (unaobadili mwelekeo kila mara) kuwa mkondo wa mwelekeo mmoja. Choki na kapasita *hulainisha* kinachotoka kwenye diodi. Ukitaka kitenzi kimoja cha hao wawili kwa pamoja, *huchuja*, na ndiyo maana jina lao ni chujio. Kinachobaki baada ya kuchujwa kiite viwimbi. Lugha yenyewe imekupa udogo huo kwa kiambishi tu, wimbi likawa kiwimbi, huna haja ya kuongeza "mawimbi madogo madogo ya mabaki". Kwa umeme wa hezi 50, viwimbi vikubwa zaidi vina hezi 100. Choki ya milihenri 10 na kapasita ya maikrofaradi 10,000 huvipunguza karibu mara 38.

Tufike kwenye "induktansi muhimu", kosa ambalo ningelisahihisha kwanza kama ningeruhusiwa moja tu. "Muhimu" hujibu swali "je, lina maana?" Fundi akiona "induktansi muhimu" ataitikia kwa kichwa na kuendelea kusoma, asijue kwamba ameambiwa kuna namba ya kukokotoa. Dhana unayoitafuta ni mpaka. Juu ya mpaka huo mkondo ndani ya choki haukatiki. Chini yake hukatika kati ya wimbi na wimbi, na hapo chujio linaanza kutenda kama lile la kapasita mbele: volteji inaondoka kwenye wastani na kupanda kuelekea kilele. Basi andika "induktansi ya mpaka", au kwa urefu kidogo, "kima cha chini cha induktansi".

Ukishaandika "mpaka", hesabu inajieleza. Kwa umeme wa hezi 50 uliogeuzwa nusu zote mbili za wimbi, gawanya ukinzani wa mzigo kwa 942 na utapata henri. Hita yetu ina omu 4.2 ikiwa moto, hivyo mpaka ni karibu milihenri 4.5. Kwa hezi 60 unagawanya kwa 1131 na mpaka unashuka hadi karibu 3.7. Ukiingiza ukinzani wa choki kwenye hesabu, namba hupanda kidogo, kwa hiyo choki ya milihenri 10 inakupa nafasi ya kutosha. Kwenye volteji ya anodi (bamba linalopokea elektroni ndani ya valvu) hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mkondo hupanda na kushuka na mpaka unahama pamoja nao. Hita huvuta mkondo uleule muda wote ikishapata moto, kwa hiyo mpaka hauhami.

Kuna kitenzi ambacho hukuuliza lakini utakihitaji: *kushiba*. Mkondo ukizidi, kiini cha chuma cha choki hushiba sumaku na induktansi yake huporomoka. Ndiyo sababu kiini huachiwa pengo dogo la hewa. Nimeona watu wakiandika "choki imejaa". Kujaa mwachie kapasita, ambayo hujaa chaji. Ukivitenga vitenzi hivyo viwili tangu ukurasa wa kwanza, msomaji hatachanganya kifaa kipi kimefanya nini.

Jambo jingine dogo. Usiite kila kinachowaka ndani ya valvu "hita". Katika EL34 hita hupasha kathodi, na kathodi ndiyo inayotoa elektroni. Katika valvu ya 300B, inayotumia volti 5 na ampea 1.2, ule waya wenyewe ndio unaotoa elektroni, na jina lake ni filamenti. Tofauti hiyo inamgusa msomaji wako moja kwa moja, kwa kuwa viwimbi kwenye filamenti husikika kwenye spika kwa urahisi zaidi. Na pawa saplai *hulisha* hita. Kupasha iachie hita yenyewe.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Katika pawa saplai hii chujio linaanza na choki. Choki na kapasita hulainisha mkondo unaolisha hita, na induktansi ya choki isipungue mpaka uliokokotolewa." Maneno ya mkopo aliyoyalalamikia mwenzako, choki, hita na induktansi, yamebaki yote, na pawa saplai na kapasita zimeongezeka.

Kuhusu volti: sema "volti 6.3 zinatosha". Kizio kikihesabiwa zaidi ya kimoja huchukua upatanisho wa wingi, kama kilo tatu zinavyotosha na dakika kumi zinavyopita. "Volti moja inatosha" ni sahihi kwa sababu ni moja. Kwa 0.9 utasikia vyote viwili, mimi huandika "volti 0.9 zinaliwa na diodi" na sijawahi kugombana na mhariri. Lakini kiima kikiwa ni kile kinachopimwa, upatanisho unarudi kwenye umoja: "volteji ya hita imeshuka hadi volti 5.6". Na namba ifuate kizio. "6.3 volti" mpangilio wake si wa kwetu.